Ishara Isiyo na Mtumaji

Mwanangu Zaituni,

Barua ya mtu mzima huanza kwa kuuliza hali, lakini hali yako naijua. Asubuhi nimekuona ukinywa chai umesimama, mama yako akikugombeza kwamba chai ya kusimama haishibishi. Basi salamu tuziruke. Ninapoandika hapa alasiri imeshapita, wewe na mama yako mmepanda Kinole kumuaga bibi yako na wajomba zako, na nyumba nzima nimeachiwa mimi na kuku. Nimekaa barazani. Jirani yetu wa upande wa kushoto amepita tena na tena akichungulia huku ndani, na mtu hachungulii bure.

Utauliza kwa nini nisikupigie simu ukishafika. Simu siiamini. Maneno yanapita kwenye minara, na kwenye minara kuna watu. Karatasi hii nitaikunja mwenyewe, nitaisukuma mwenyewe chini ya sweta kwenye mkoba wako wa mkononi, na kesho utakapokuwa angani hakuna atakayeisoma ila wewe na pengine huyo aliyekaa kiti cha pembeni, kwa hiyo ifiche kidogo unaposoma. Kuhusu baridi, chakula, sala na wanaume mama yako amekwisha kukuusia mpaka sauti imemkauka. Mimi nakuandikia jambo moja, lile swali uliloniuliza juzi nikajifanya sisikii.

Ulisema, "Baba, mimi naondoka. Dawa zako za kila mwezi atakuletea kaka Idrisa. Gari lake linashuka Dar na mboga kila wiki, na hospitali nimeshaongea nao, wamekubali azichukue yeye. Sasa niambie, utazimeza?"

Nikainuka nikasema nakwenda kuwafungia kuku. Jua lilikuwa utosini.

Kwa nini nilikukimbia unajua, lakini unajua vipande vipande. Wakati mwingi ulikuwa chuoni, na mengine uliyapata kwa mama yako, ambaye akisimulia habari zangu huzipunguzia aibu kwa huruma. Ngoja nikusimulie mimi.

Nimekuwa dalali wa mboga sokoni tangu kabla hujazaliwa, na kazi ile ni ya kushuku. Gunia la karoti likishushwa kutoka Mgeta, juu utakuta zimepangwa nene, zimenyooka. Mimi natia mkono mpaka kwapani kutafuta zilizooza na udongo uliotiwa kuongeza uzito. Lumbesa, lile gunia la kujaziliwa mpaka juu ya mdomo, ikija imefungwa vizuri kupita kiasi, naikata kamba. Kabichi naibonyeza kwa kidole gumba hata kama aliyeileta ni imamu. Wenzangu waliokuwa wakiamini maneno ya watu walirudi kulima. Wewe nimekusomesha kwa shaka, Zaituni, wala sioni haya kulisema. Ila nilipofunga biashara jioni, shaka sikuiacha sokoni. Nilirudi nayo, nikala nayo, nikalala nayo. Mama yako akicheka na fundi cherehani, nilitaka kujua kichekesho kilikuwa nini. Uliposhika namba ya kwanza darasani nilikuja shuleni kumuuliza mwalimu kama hukunakili. Ulilia siku ile mbele ya ofisi, na mimi nikayaona machozi yako kuwa ushahidi.

Ndiyo maana ugonjwa uliponianza, nilikuwa na washukiwa kabla sijaujua ugonjwa wenyewe.

Ulianza kwa jasho la usiku, shuka linakamulika. Kisha suruali zikanilegea. Ubavu wa kushoto pakavimba, pagumu, nikila matonge machache nimeshiba. Uvimbe wa pale kila mtu anaujua jina, huku mjini na kule milimani: bandama. Zahanati wakanipa dawa ya malaria. Nikameza, hali ikawa ileile, wakanipa tena ileile. Nikaanza kuwashuku, na hapo nilikuwa sahihi. Kuwa sahihi mara moja kulinitia kiburi kikubwa. Badala ya kwenda hospitali kubwa wakanipime vizuri, nikaenda kwa mganga.

Yule bwana alinichanja ubavuni kwa wembe akapaka unga mweusi. Chale zile umeziona na hukusema kitu, nikakushukuru kimoyomoyo. Alipomaliza akatazama ndani ya kibuyu chake muda mrefu, akaniuliza taratibu, "Mzee, una mpwa?"

Nilishtuka. Nikasema moyoni, huyu anaona. Mimi ninayetia mkono ndani ya gunia mpaka kwapani, swali lile sikulibonyeza hata kwa kidole. Mluguru gani hana mpwa? Angeniuliza kama nina pua pengine ningeshtuka vilevile. Lakini unajua desturi yetu ilivyo. Wewe ni wa ukoo wa mama yako wa Kinole. Mimi nimekuzaa, nimekulea, na nakupenda kuliko roho yangu, lakini shamba letu la ukoo kule Mgeta, lile la matuta pembezoni mwa mfereji, nikifa haliji kwako. Linakwenda kwa mtoto wa dada yangu. Na dada yangu alizaa mtoto mmoja tu, Idrisa.

"Kikulacho ki nguoni mwako," mganga akasema. "Huu ni ugonjwa wa kutumwa."

Idrisa nilimchukua mimi dada yangu alipofariki. Alilala chumba kimoja na magunia yangu mpaka akanuka vitunguu. Nilimfundisha kupakia gari, baadaye akajifunza kuliendesha, baadaye akapata la kwake. Wewe ulimwita kaka, ulipokua ukaambiwa ni binamu wa kutaniwa, ukaanza kumtangaza kwa wenzako kuwa ndiye mumeo, mzee mwenye gari la kabichi. Yeye alikuwa akijibu kwamba mahari ameshalipa kwa mboga. Mtu huyo ndiye niliyerudi kutoka kwa mganga nikiamini ananitafuna.

Lishike neno hilo la mganga, kutumwa, maana ndilo lililoniponza mara ya pili, na mara hiyo lilipita mdomoni mwako.

Ulipokuja likizo ukaniona, hukuuliza nani kafanya nini. Ulinibonyeza tumbo, kesho yake ukanipeleka kutolewa damu. Damu ikapelekwa Dar. Majibu yalipotoka ulikuwa umesharudi chuoni, ukanipigia, na mtandao siku ile ulikuwa unakatika. Nilichosikia ni hiki: "Baba, ni saratani ya damu lakini usiogope... kuna protini... ishara zinatumwa bila kukoma... ndiyo inayozikuza..." Simu ikazima.

Protini! Hiyo naijua. Kliniki ya mama na mtoto wameichora ukutani: maharage, mayai, maziwa, dagaa. Na maharage ya nyumba hii yalikuwa yanatoka wapi? Kwa Idrisa. Tangu nianze kuumwa alikuwa akiyashusha kutoka Mgeta, "mjomba ale apate nguvu." Sasa mwanangu msomi, asiyejua mganga alisema nini, ananiambia kuna protini na kuna kutumwa. Kibuyu na maabara vimekubaliana! Nikamwita mama yako nikamwambia kuanzia leo maharage marufuku.

"Baba Zaituni, maharage yamekukosea nini?"

"Usiyale. Na kuku usiwape."

Idrisa akaja Ijumaa, watu wametoka msikitini, baraza imejaa. Ana gunia begani. "Shikamoo mjomba." Sikuitika. Akadhani sijasikia, akarudia, "Shikamoo mjomba." Nikasema kwa sauti mbele ya wote, "Hizo protini zako rudi nazo. Nimeshajua zimetumwa kufanya nini." Neno lenyewe watu hawakulielewa, lakini sauti waliielewa, kila mtu akatazama chini.

"Mjomba, mimi nimekuletea maharage tu."

"Ndiyo hayohayo."

Akalipandisha gunia begani akaondoka. Nilimwona mabega yakitikisika nikasema, naam, amejulikana. Kama nilivyosema siku ile ya shule juu yako.

Nikaendelea kukonda, sasa kwa mikono yangu mwenyewe, maana nilikuwa nakula ugali na mchicha, na yai nikiliona nageuza uso. Uliponipeleka Dar daktari alikuuliza kama nyumbani kuna njaa. Tulipotoka tukakaa kwenye benchi la varanda, ukataka kujua kwa nini sili. Nikakueleza kila kitu, protini, maharage, Idrisa, tena kwa fahari, nikingoja unisifu. Ulicheka. Kisha ukaacha kucheka ukafunika uso kwa mtandio, na ulipoufunua macho yalikuwa mekundu.

Uliyonieleza pale nimeyakumbuka karibu yote, kwa sababu nilikuwa nayatafutia kasoro.

"Baba, protini siyo chakula peke yake," ulisema. "Ukila maharage mwili unayavunjavunja, halafu unajijengea protini zake wenyewe, nyingi sana, kila moja na kazi yake. Zingine zinajenga msuli. Zingine kazi yake ni kupokea habari na kuipitisha. Seli haijiamulii kukua, inasubiri kuambiwa. Habari inafika mlangoni, protini ya pale inaipokea, inamgusa mwenzake wa ndani, naye anamgusa mwingine, mpaka inafika kwenye kiini. Inaambiwa ikue. Inaambiwa igawanyike, au itulie, au kazi yake imekwisha, ife."

"Na mimi?"

"Wewe, kwenye seli zinazotengeneza damu, vipande viwili vya maagizo ya urithi vilikatika vikaungana vibaya."

Uliposema urithi nilitaka kuinuka, nikadhani hata daktari analijua lile shamba. Ukanivuta kanzu nikae. "Siyo urithi wa matuta, baba. Maagizo yaliyomo ndani ya seli. Wala ugonjwa huu hukuurithi kwa mtu, wala hujanirithisha mimi. Vipande vilipoungana pakatokea protini ambayo haikuwepo. Hiyo haisubiri kuambiwa. Inasema gawanyika, gawanyika, mchana na usiku, hata kama hakuna aliyeita. Seli zinatii. Damu inajaa chembe nyeupe kupita kiasi, bandama inalemewa, inavimba."

"Nani anaituma?"

"Hakuna."

"Zaituni, ishara haijitumi."

"Hii inajituma. Ndio ugonjwa wenyewe huo."

"Basi hivyo vipande nani alivikata?"

"Hakuna, baba. Hutokea."

"Kwa nini kwangu?"

"Sijui. Na daktari hajui."

Nitakuambia kitu ambacho sikukuambia siku ile. Ningefurahi zaidi kusikia ni Idrisa. Adui nina namna ya kumfanya. Namsema, namkwepa, namfukuza mlangoni. Huyo Hakuna nitamfukuzaje? Nilikaa kwenye benchi lile nikaogopa kuliko nilivyowahi kumuogopa mchawi. Ndani yangu kuna sauti inayotoa amri na hakuna aliyeituma, wala hakuna wa kugombana naye. Nikatazama wagonjwa wenzangu pale varandani, mwanamke aliyefunga kitenge kichwani, kijana mwenye sare ya kiwanda, nikajiuliza kila mmoja amemshuku nani nyumbani kwao.

Vidonge ukanieleza navyo. Kwamba kidonge kinakwenda kukaa palepale ambapo protini ile inachota nguvu, kinapaziba, nayo inabaki ipo lakini haina kauli. Kwamba haifi. Nikiacha kumeza itaanza upya kusema. Nikakuuliza mpaka lini, ukasema maadamu inakisikia kidonge, siku zote. Nimemeza tangu siku ile, baada ya chakula, kwa bilauri nzima ya maji, wewe ukinitazama ukiwepo na ukinipigia usipokuwepo. Asubuhi macho yananivimba kama nimelia, miguu inakakamaa, lakini bandama imerudi ndani, jasho limekatika, suruali zimenikaa. Mwili wangu umekutolea ushahidi. Kichwa changu ndicho kizito.

Wala usijidanganye kwamba wewe umefuata upande wa mama yako tu. Shaka yangu unayo. Zahanati waliposema malaria tulishuku wote wawili. Wewe ukaichukua damu ukaipeleka mahali ambapo ungeweza kuambiwa umekosea. Mimi nikaenda kwa mtu niliyejua ataniitikia. Nimelifikiria hilo sana msimu huu wa mvua, nikiwa nimekaa hapahapa bila kazi, na sina la kuongeza juu yake.

Wala usidhani nimepona kushuku. Barua ya chuo cha ng'ambo ya kukuita huko nimeitazama. Kiingereza chake sikijui, lakini muhuri hauna wino wa kutosha. Najiuliza watu wa nchi ya baridi wanataka nini kwa binti wa dalali wa Morogoro. Umesema unakwenda kusoma namna protini hizi zinavyopitisha ishara, na kwa nini kuna wakati ile mbaya hubadilika umbo, kidonge kikafika kikakuta nafasi yake haipo tena. Uliposema hivyo ulikuwa unakunja nguo, hukuniangalia. Na kliniki iliyopita niliwaona wewe na daktari mmesimama pembeni mnaongea kwa sauti ndogo. Je, yangu imeshabadilika? Unakwenda kusoma, au unakwenda mbali usinione? Nakuuliza kwa maandishi kwa sababu ningekuuliza ana kwa ana ningeusoma uso wako, na uso wa mtu nimeusoma vibaya mara nyingi mno.

Turudi kwa Idrisa. Nilipopata nafuu mama yako alinishikilia niende Mgeta nikamwombe radhi. Nilimpelekea salamu. Salamu, Zaituni, radhi sikumwomba. Siku ya Iddi alikuja, akaniamkia, nikaitika marahaba, tukala pilau hatutazamani. Tumekaa hivyo mpaka leo. Maharage hajaleta tena, na mimi nayanunua sokoni kwa watu nisiowajua, nayala kwa amani.

Sasa wewe unataka nipokee uhai wangu kutoka mkononi mwake kila mwezi. Najua una nia njema. Lakini mpigie hesabu kama dalali. Mtu nimemvunjia heshima mbele ya msikiti mzima. Shamba bado ni lake siku nikifa. Zamani nilimshuku na hakuwa na sababu ya kunidhuru hata moja. Leo sababu anayo, na niliyempa ni mimi. Kidonge ni kitu kidogo, kinabadilishwa njiani na hakuna atakayejua, nitakwisha polepole na watu watasema saratani imemshinda mzee. Nayaandika haya nikijua ni mabaya. Yananijia tu, hakuna anayeniletea.

Nikuambie na nilichokuwa nimepanga. Nilikuwa nimepanga kesho stendi nikuambie ndiyo, nitavimeza, upande basi lako una furaha. Kisha vile vitakavyopita mikononi mwa Idrisa nivitupe chooni, na Mungu aamue. Mpaka mstari huu ndiyo nia yangu, ila mkono umekataa kukudanganya kwenye karatasi kama ambavyo mdomo ungekudanganya.

Ngoja. Kuna mtu anabisha hodi.

Naendelea. Magharibi imeshaadhiniwa, nimewasha taa.

Alikuwa Idrisa. Gari kaliacha barabarani, anatoka Dar, bado ana vumbi kwenye kope. Kumbe ulimwagiza apitie hospitali leo, wewe ukiwa bado upo, na hukuniambia. Nilitaka kukasirika nikakosa nafasi. Akaniamkia, nikaitika, akanipa bahasha kwa mikono miwili na kubaki amesimama. Kiti sikumpa.

Nikafungua. Zaituni, vidonge vyangu unavijua, vya mviringo, rangi ya kahawia. Hivi ni virefu, vya manjano. Nikavinusa. Nikatoka navyo kwenye mwanga wa mlangoni nikavigeuza huku na huku, jirani naye kasimama kwenye ua wake anatazama.

"Hivi sivyo," nikasema.

"Wameniambia utasema hivyo," Idrisa akajibu. "Mfamasia amesema kiwanda kimebadilika, dawa ni ileile. Amesema ukiwa na wasiwasi nimpigie uongee naye mwenyewe."

"Nitajuaje kama ni mfamasia?"

Akauliza kwa upole, kama anauliza bei, "Mjomba, unaniogopa?"

Ningesema hapana angejua naongopa. Akautazama ule uso wangu ambao siwezi kuuficha, akaichukua karatasi ya vidonge mkononi mwangu. Unajua kule kwetu anayekukaribisha togwa huonja kwanza yeye mbele yako, kukutoa shaka. Akabonyeza kidonge kimoja kikaangukia kiganjani. Akasema, "Bismillahi," akakipeleka mdomoni.

Niliinuka vipi sijui, na miguu hii inayokakamaa. Nilimpiga mkono, kidonge kikaruka mpaka chini ya kiti. Nikamshika ukosi wa shati nikapiga kelele mtaa mzima ukasikia. "Una wazimu wewe? Unataka kuumia? Hiyo dawa ya saratani! Huna ugonjwa, itakuharibu damu! Mkeo nitamwambia nini mimi, wanao nitawaambia nini?"

Nikawa namtikisa. Yeye ananitazama tu. Nikamtikisa mpaka nguvu zikaniishia.

"Kumbe ni dawa, mjomba," akasema.

Nilikaa chini, sakafuni, siyo kwenye kiti. Nililia, mwanangu, nakuandikia wazi, kilio cha sauti, na jirani alipata alichokuwa akikitafuta siku nzima. Idrisa akakaa karibu yangu. Nikamwambia nisamehe. Nikamwambia nisamehe ile Ijumaa, na Iddi, na leo. Akasema, "Nilikuwa nakuogopa wewe, mjomba. Kila nikija nilikuwa nafikiria leo atasema nimeleta nini." Kisha akaniuliza kama kweli niliwaza maharage yanatuma habari, nikamwambia ndiyo, na akacheka mpaka akalala chali, nami nikacheka, huku tunakitafuta kidonge kwa mikono kabla kuku hajakiona. Tulikipata. Nikakifuta kwa kanzu.

Mama yako alikuwa ameacha wali umefunikwa. Tulikula sahani moja. Yeye akanisogezea bilauri, mimi nikameza, cha manjano, kirefu, kilichoanguka chini. Kimekwama kooni kidogo, kikashuka.

Kwa hiyo lile swali langu la wewe na daktari nimeliacha hapo juu, sikulifuta. Kama kuna jambo niambie, nitalipokea. Kama hakuna, usipoteze wino.

Gari la Mgeta halipandi leo. Idrisa atalala hapa, kwenye chumba chake cha zamani, na kesho atakayekubebea sanduku mpaka stendi ni yeye. Mimi nitaagana nawe hapa nyumbani. Nikikuona unapanda basi nitaanza kumshuku dereva, na sitaki uondoke umeniona hivyo. Ukiwa huko, usinipigie kila jioni kuniuliza kama nimemeza. Nipigie unieleze umeona nini kwenye hizo seli, hata kama mtandao unakatika, na mimi nisipoelewa nitauliza kabla sijamkasirikia mtu.

Ni mimi baba yako, nimeshameza.